Malipo ya wingu kwa watafiti wanaotumia Terra: mwongozo kamili

Terra ni jukwaa la mtandaoni la kuchambua data za jenomu na tiba, lililotengenezwa na Broad Institute kwa kushirikiana na Microsoft na Verily. Kujiunga ni bure, na jukwaa lenyewe halikutozi. Kinachotozwa ni wingu la Google lililo chini yake: hifadhi ya mafaili, mashine zinazochakata, na data inayosafirishwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Mita hiyo huanza kuhesabu mara tu eneo la kazi (workspace, yaani folda ya mradi mmoja yenye data na zana zake) linapofunguliwa na faili la kwanza kupakiwa, na haisimami kwa sababu mtafiti amefunga kompyuta yake akaenda kulala.

Mwongozo huu ni wa timu ndogo, tuseme mtafiti mkuu, wachambuzi wawili watatu na mhasibu wa ruzuku, inayotaka kuanza bila kushtukizwa na ankara. Bei tunazozitaja ni za dola za Marekani kwa kanda ya us-central1, ambako Terra huweka ndoo za hifadhi (bucket, yaani mahali mafaili yanapokaa kwenye wingu) usipochagua kanda nyingine. Google hubadilisha bei mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kupanga bajeti ya mwaka pitia ukurasa wao wa bei.

Pesa inapita wapi

Kuna ngazi tatu, na asilimia kubwa ya mkanganyiko hutokana na kuzichanganya.

Juu kabisa ni akaunti ya malipo ya Google Cloud. Hii ndiyo iliyofungwa kwenye kadi ya benki au kwenye mkataba wa ankara. Utaitambua kwa namba yake ya herufi na tarakimu 18, katika mafungu matatu ya sita sita yaliyotenganishwa na vistari.

Katikati ni mradi wa malipo wa Terra. Huu hauna pesa ndani yake. Ni lango linaloamua nani anaruhusiwa kutumia akaunti ile ya juu.

Chini ni maeneo ya kazi. Tangu 2021 kila eneo jipya la kazi huundiwa mradi wake wa Google nyuma ya pazia. Jambo hili ni la manufaa makubwa kwa mhasibu, kwa sababu gharama zinaweza kutenganishwa eneo kwa eneo bila kubahatisha.

Kutokana na mpangilio huo kuna kanuni moja ya kuishika tangu mwanzo: anayelipa ni mradi wa malipo uliotumika kufungua eneo la kazi, hata kama anayebonyeza kitufe ni mtu mwingine kabisa. Ukimpa mshirika wa chuo kingine ruhusa ya kuendesha uchakataji ndani ya eneo lako, umempa pochi yako.

Kabla ya kufungua akaunti

Kaa na mhasibu kwanza. Wasifu wa malipo wa Google huuliza nchi, sarafu, na kama wewe ni mtu binafsi au taasisi, na majibu hayo hayabadilishwi baadaye. Mtafiti akijisajili kwa haraka kama mtu binafsi kwa kadi yake mwenyewe, ankara zitatoka kwa jina lake, na mkaguzi wa ruzuku atazikataa. Njia pekee ya kurekebisha ni kufungua akaunti nyingine na kuhamisha kila kitu.

Thibitisha na benki kwamba kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya kimataifa na kwamba kikomo chake cha mwezi kinatosha. Kadi nyingi za taasisi hutolewa zikiwa zimefungwa kwa matumizi hayo. Malipo yakikataliwa mara kwa mara, Google husimamisha akaunti, na uchakataji wote unaoendelea hukatika pamoja nayo. Kumbuka pia VAT, kwani bei zinazotangazwa hazina kodi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda na Rwanda. Namna kodi hiyo inavyoingizwa kwenye vitabu vya taasisi yako ni swali la mhasibu, na lijibiwe mapema.

Kuna jambo la sheria pia. Data za afya na vinasaba vya watu zikipakiwa us-central1, zimekwenda Iowa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Kibali kipatikane kabla ya faili la kwanza kupakiwa, maana kuhamisha ndoo iliyojaa kunagharimu.

Kufungua akaunti na kuiunganisha

1. Ingia kwenye dashibodi ya Google Cloud kwa barua pepe ileile utakayotumia Terra. Tumia ya taasisi ikiwezekana. Mteja mpya hupewa salio la majaribio la dola 300 la kutumia ndani ya siku 90. Kadi itaombwa, ila haitatozwa mpaka wewe mwenyewe uipandishe akaunti kuwa ya kulipia.

2. Fahamu mipaka ya majaribio hayo. Huwezi kutumia GPU (kichakataji cha michoro), huwezi kuendesha zaidi ya kori (viini vya kichakataji) 8 kwa wakati mmoja, na idadi ya miradi inayoweza kuunganishwa na akaunti mpya ni ndogo. Kwa kuwa kila eneo la kazi ni mradi mmoja wa Google, timu inayofungua maeneo ya majaribio ovyo hugonga ukuta huo siku ya kwanza. Ukifika hapo, futa maeneo yasiyotumika au omba Google ikuongezee kiwango. Siku 90 zikiisha bila kupandisha akaunti, huduma husimamishwa, unapewa siku 30 za kuamua, kisha data hufutwa. Andika tarehe hiyo ukutani.

3. Nenda kwenye sehemu ya malipo, fungua akaunti ya malipo, uipe jina litakaloeleweka baada ya miaka mitatu: jina la taasisi, mfadhili na namba ya ruzuku. Jina kama "Akaunti yangu" halimsaidii mtu yeyote.

4. Ongeza msimamizi wa pili mwenye wadhifa wa Billing Account Administrator. Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayookoa timu pale msimamizi pekee anapohama kazi na barua pepe yake kufungwa. Mhasibu apewe Billing Account Viewer, ambao unamruhusu kuona kila kitu bila kugusa chochote.

5. Kwenye ukurasa huohuo wa ruhusa, ongeza terra-billing@terra.bio kwa wadhifa wa Billing Account User. Bila hatua hii Terra haitaiona akaunti yako. Kosa la kawaida ni kuiongeza kwenye ruhusa za mradi fulani wa Google badala ya ruhusa za akaunti ya malipo. Kurasa hizi mbili zinafanana sana, hivyo hakikisha juu ya ukurasa panasomeka jina la akaunti ya malipo.

6. Ndani ya Terra, fungua sehemu ya malipo na uunde mradi wa malipo. Jina liwe na herufi 6 hadi 30, bila nafasi, na lisiwe limeshachukuliwa na mtu mwingine popote kwenye jukwaa. Chagua akaunti uliyoifungua. Akaunti isipoonekana kwenye orodha, rudi hatua ya 5, kisha hakiki kwamba umeingia Terra kwa barua pepe ileile.

Sasa gawa wadhifa ndani ya mradi wa malipo. Mmiliki anaweza kuongeza watu na kuona matumizi. Mtumiaji anaweza kufungua maeneo ya kazi yatakayotozwa kwako. Wachambuzi wengi hawahitaji hata huu wa pili: inatosha kuwafungulia eneo la kazi na kuwapa ruhusa ya kuandika pamoja na ya kuchakata. Ushauri wetu ni mradi mmoja wa malipo kwa kila ruzuku, hata kama watu ni walewale. Kutenganisha gharama za ruzuku mbili zilizochanganywa kwenye mradi mmoja ni kazi ya wiki nzima mwisho wa mwaka wa fedha.

Onyo la bajeti halizuii matumizi

Weka bajeti siku hiyohiyo. Kwenye dashibodi ya Google, chini ya akaunti ya malipo, unda bajeti, chagua miradi inayohusika, weka kiasi cha mwezi. Viwango vya onyo vinavyokuja tayari ni asilimia 50, 90 na 100. Ongeza cha asilimia 25, na kingine cha makadirio, kinachotuma barua pepe pale Google inapoona kwamba kwa kasi hii utavuka kabla ya mwezi kuisha. Hiki cha makadirio ndicho chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu kinakupa muda wa kutenda.

Soma tena kichwa cha sehemu hii. Bajeti hutuma barua pepe tu, mashine zinaendelea kufanya kazi. Isitoshe, taarifa za gharama huchelewa, mara nyingi hadi siku nzima, kwa hiyo onyo la asilimia 100 linaweza kukufikia ukiwa umeshafika 130. Uchakataji mkubwa uliozinduliwa Ijumaa jioni unaweza kumaliza bajeti ya mwezi kabla barua pepe ya kwanza haijasomwa Jumatatu.

Kuna njia ya kukata malipo moja kwa moja kwa kuunganisha bajeti na programu ndogo inayong'oa mradi kwenye akaunti ya malipo. Hatuishauri kwa maeneo yenye data. Mradi uking'olewa kila kitu husimama, ndoo haifikiki, na Google yenyewe inaonya kwamba rasilimali zinaweza kufutwa zisirudi. Breki ya kweli ni watu: ruhusa ya kuchakata ibaki kwa wachache, na kila kazi mpya ijaribiwe kwa sampuli mbili au tatu kabla ya kutupiwa sampuli mia tano. Gharama ya sampuli moja ikijulikana, hesabu ya zote haihitaji utabiri.

Kusoma gharama kwa undani

Terra ina ripoti yake ya matumizi inayoonyesha maeneo ya kazi yaliyokula zaidi. Inafaa kwa kutazama haraka. Mkaguzi akiuliza maswali, utahitaji nakala ya data za malipo kwenye BigQuery, hifadhidata ya Google ya kuulizia data nyingi, na ni lazima uiwashe mapema, kwani historia ya miezi iliyopita haitajazwa yote. Unda mradi wa Google wa kawaida kwa ajili ya kazi hii peke yake, unda seti ya data ndani yake, kisha kwenye akaunti ya malipo washa usafirishaji wa gharama kwenda BigQuery. Kuuliza maswali ni bure hadi terabaiti 1 ya data inayosomwa kwa mwezi, na timu ya kawaida haifiki hata karibu.

Swali la kwanza la kila mwezi liwe hili:

```
SELECT project.id, service.description,
  ROUND(SUM(cost), 2) AS gharama
FROM `mradi.seti.gcp_billing_export_v1_XXXXXX_XXXXXX_XXXXXX`
WHERE invoice.month = '202503'
GROUP BY 1, 2
ORDER BY gharama DESC
```

Weka namba ya akaunti yako badala ya X, ukigeuza vistari kuwa mistari ya chini. Safu ya cost haijatoa salio la majaribio wala punguzo. Hizo zimo kwenye safu ya credits, na mtu asiyelijua hili hudhani anadaiwa pesa ambazo salio limeshazilipa.

Pesa inakovujia

*Mashine zinazoachwa zikiwaka.* Mashine ya kawaida ya daftari la Jupyter (ukurasa wa kuandika na kuendesha msimbo), yenye kori 4 na kumbukumbu ya gigabaiti 15, hugharimu kama dola 0.19 kwa saa. Ni kidogo. Iache mwezi mzima, saa 720, na ni dola 137. Terra hujisitisha yenyewe baada ya dakika kadhaa za ukimya, ila watu huzima kipengele hicho ili kazi ndefu isikatwe, kisha husahau kukiwasha. Kiacheni kimewashwa, na kazi za masaa mengi zipelekwe kwenye mtiririko wa WDL (lugha ya kuandika hatua za uchakataji zinazojiendesha zenyewe) badala ya daftari.

*Diski zinazobaki.* Kusitisha mashine hakufuti diski yake, nayo hutozwa takriban dola 0.04 kwa gigabaiti kwa mwezi. Fikiria mafunzo ya washiriki 20, kila mmoja na diski ya gigabaiti 50. Hiyo ni dola 40 kila mwezi, miezi mingi baada ya vyeti kutolewa. Mwisho wa mafunzo, mwezeshaji asimamie kila mshiriki afute mazingira yake pamoja na diski. Terra huuliza mambo hayo mawili kando kwa kando, na chaguo la kubakiza diski ni rahisi kulibonyeza bila kusoma.

*Mafaili ya katikati.* Hapa ndipo hifadhi huvimba. Mtiririko wenye hatua sita huacha matokeo ya kila hatua ndani ya ndoo, wakati unachohitaji ni ya mwisho tu. Unapozindua kazi, weka alama kwenye chaguo la kufuta matokeo ya katikati. Lakini ukijua unaweza kuhitaji kurudia kutoka katikati, usiliweke, maana kutumia tena matokeo ya zamani kunategemea mafaili hayo yawepo. Na matokeo ya zamani yanapotumika tena, hunakiliwa kwenye folda mpya. Ukirudia mara tano, unalipia hifadhi mara tano.

Hifadhi ya kawaida ni dola 0.02 kwa gigabaiti kwa mwezi. Jenomu nzima 100 za watu, katika muundo wa CRAM (faili lililobanwa la data za jenomu) wa gigabaiti kama 17 kila moja, ni dola 34 kwa mwezi, zaidi ya 400 kwa mwaka. Data isiyoguswa inaweza kushushwa daraja: Nearline ni dola 0.01, Coldline 0.004, Archive 0.0012. Unafuu huo una masharti. Madaraja hayo yana muda wa chini wa siku 30, 90 na 365. Ukifuta kabla, unatozwa siku zilizobaki. Kusoma data pia kunalipiwa, na kwa Archive ni dola 0.05 kwa gigabaiti. Kwa hiyo Archive ni ya mafaili ghafi ambayo kanuni za mfadhili zinakutaka uyatunze, wala si ya data utakayochambua muhula ujao. Chunguza pia kama ndoo imewekewa ufutaji wa polepole, ambapo mafaili yaliyofutwa hushikiliwa siku saba kwa kawaida na kutozwa muda wote huo.

*Kutoa data nje.* Kuingiza data ni bure. Kuitoa kwenda kwenye kompyuta yako hugharimu dola 0.12 kwa gigabaiti kwa terabaiti ya kwanza, na 0.11 baada ya hapo. Zile CRAM 100 zikishushwa mara moja tu Nairobi au Dodoma ni karibu dola 200, zaidi ya hifadhi ya miezi mitano. Tena anayetozwa ni mwenye ndoo: kila mwenye ruhusa ya kusoma anaweza kushusha kila kitu na bili ikaja kwako. Data inayoshirikishwa kwa wengi ifungwe kwa utaratibu ambao anayeomba data ndiye anayelipa (requester pays). Na uchakataji ufanyike kanda ileile ilipo ndoo, kwa sababu mashine ya Johannesburg ikisoma ndoo ya Iowa, safari hiyo nayo inalipiwa.

Kupunguza gharama za uchakataji

Google hukodisha mashine zake za ziada kwa punguzo la asilimia 60 hadi 91, kwa sharti kwamba inaweza kukunyang'anya wakati wowote. Kwenye WDL unaziomba kwa kuandika `preemptible: 3` chini ya runtime, sehemu inayoeleza mashine inayohitajika: kazi itajaribu mara tatu kwenye mashine ya bei nafuu, na ikinyang'anywa zote itahamia mashine ya bei kamili. Kwa hatua ya saa moja au mbili, huu ni unafuu wa bure. Kwa hatua ya saa kumi ni hatari, kwa kuwa ukinyang'anywa saa ya tisa unaanza upya kutoka sifuri na saa tisa umezilipia. Kata hatua ndefu vipande, kwa mfano kromosomu kwa kromosomu, ndipo uombe mashine hizo.

Kipimo cha diski kihesabiwe, kisibahatishwe. Ikiwa ndogo, kazi hufa katikati baada ya masaa ya kulipia, mara nyingi kwa ujumbe usiotaja diski kabisa. Ikiwa kubwa mno, unalipia hewa. Acha WDL yenyewe ihesabu: ukubwa wa faili la kuingiza, mara mbili au tatu kulingana na programu, jumlisha gigabaiti 20 za usalama. Na chagua HDD (diski ya kawaida) pale kasi isipohitajika. SSD (diski ya kasi) ni dola 0.17 kwa gigabaiti kwa mwezi dhidi ya 0.04.

Ruzuku inapokaribia kwisha

Anza miezi mitatu kabla. Kwanza orodhesha kila eneo la kazi chini ya mradi wa malipo, pamoja na ukubwa wa ndoo yake na mtu anayewajibika nalo. Uliza nani amenakili maeneo hayo. Nakala ya eneo la kazi hubeba majedwali na madaftari, ila mafaili makubwa hubaki kwenye ndoo ya asili na nakala huyaelekezea tu. Ukifuta eneo la asili, ndoo yake hufutwa pamoja nalo, na kazi ya mwenzako wa Kampala au Kigali huvunjika bila onyo.

Kinachobaki kihamishwe: ama kwenye mradi wa malipo wa ruzuku inayofuata, ama kwenye hazina ya data inayokubaliwa na mfadhili, ama kwenye Archive ikilipiwa na taasisi. Tenga pesa ya kutoa data nje kwenye bajeti ya mwaka wa mwisho, maana ni gharama ambayo karibu kila pendekezo la ruzuku huisahau. Kisha futa mazingira na diski za kila mtumiaji, halafu maeneo ya kazi, halafu ondoa watumiaji kwenye mradi wa malipo. Akaunti ya malipo yenyewe iacheni wazi mwezi mmoja zaidi ili ankara ya mwisho iingie na mhasibu apakue nyaraka zote, ndipo ifungwe.